Kutoka Doti hadi Baiti: Vipimo vya Mwendo wa Habari, Tukianzia Mofwe

Mwalimu wa Kiswahili hakosi kuulizwa maswali yasiyokuwamo katika muhtasari wake. Mojawapo ya maswali ya siku hizi ni hili: mega ni nini? Mwanafunzi amenunua mega 100 dukani. Ameambiwa kwamba mtandao wa shule una mwendo wa mega 8 kwa sekunde. Amegawanya 100 kwa 8, akapata sekunde 12 na nusu. Lakini saa ya ukutani inamwonyesha kwamba mzigo wake umechukua sekunde 100 nzima. Anamwendea mwalimu wa hisabati, naye anamhakikishia kwamba mgawanyo wake hauna ila. Basi kosa liko wapi?

Kosa limo katika lugha. Neno mega maana yake ni milioni tu, na milioni isiyokuwa na nomino haisemi lolote. Milioni ya nini? Mega aliyoinunua mwanafunzi ilikuwa milioni ya baiti. Mega ya mtandao wa shule ni milioni ya biti. Na baiti moja ina biti nane. Maneno mawili yaliyotofautiana kwa irabu moja tu yamekatwa mkia, yakabaki neno moja, na mwanafunzi akapoteza mara nane ya hesabu yake.

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi vipimo hivi vilivyozaliwa, kwa nini viko viwili na zaidi, na jinsi ya kugeuza kimoja kuwa kingine. Tumechagua kuanzia Mofwe, katika nchi ya Mwata Kazembe, kwa kuwa pale historia imetuwekea mifano mizuri ya habari iliyosafiri kwa miguu, na ya biashara iliyopimwa kwa vipimo vya Waswahili. Atakayeielewa doti ya wasafiri wa zamani hatapata taabu na baiti.

Barua ya miaka tisa

Mofwe ni ziwa dogo la matete katika bonde la mto Luapula, kusini ya Ziwa Mweru. Kandokando yake wafalme wa Walunda wenye cheo cha Mwata Kazembe walijenga miji yao mikuu kwa vizazi vingi. Leo makao ya Mwata yako Mwansabombwe, na barabara iendayo kaskazini humfikisha msafiri Nchelenge na Kashikishi, ufukweni mwa Mweru. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo, ambako watu wa Kilwa na Pweto husema Kiswahili cha Katanga. Hata upande wa Zambia kuna kisiwa kiitwacho Kilwa, ambacho mwishoni mwa karne ya 19 kilikuwa ngome ya mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyejulikana kwa jina la Simba.

Nchi hii haikuwa pembeni mwa dunia kama baadhi ya watu wanavyodhani. Mwaka 1798 Mreno Francisco José de Lacerda e Almeida alifika huko akitokea Tete, akitumaini kuvuka bara hadi Angola. Akafia huko mwezi wa Oktoba mwaka huohuo. Waliofanikiwa kuvuka walikuwa wafanyabiashara wawili Waafrika waliokuwa katika utumishi wa Wareno, Pedro João Baptista na Amaro José. Walitoka Kasanje, Angola, mwaka 1802 wakiwa na barua za kupeleka Tete. Walizuiliwa njiani, walifika kwa Kazembe mwaka 1806, na huko wakakaa miaka minne kabla ya kuruhusiwa kuendelea. Waliingia Tete mwezi wa Februari mwaka 1811. Barua ilikuwa imesafiri karibu miaka tisa.

Na tuifanye barua hiyo kuwa zoezi la darasani. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba ilikuwa na herufi 3,000. Kwa desturi ya siku hizi kila herufi huandikwa kwa biti nane, yaani jumla ni biti 24,000. Miaka tisa ni sekunde milioni 284 hivi. Tukigawa, tunapata biti moja kwa kila saa tatu na robo. Hesabu ni sahihi, lakini je, inatueleza jambo la kweli? Lau wasafiri wale wangalibeba sanduku lenye barua mia badala ya moja, mwendo wa habari ungaliongezeka mara mia, ilhali aliyekuwa akingoja Tete angalingoja miaka ileile tisa.

Hapa pana somo la kwanza. Swali la "habari kiasi gani kwa sekunde?" si sawa na swali la "habari itafika lini?" La kwanza ni wingi wa mzigo, la pili ni urefu wa kungoja. Vipimo tutakavyovieleza hapa vyote ni vya lile la kwanza, na havina uwezo wa kujibu la pili. Zambia ilipofungua kituo chake cha satelaiti huko Mwembeshi mwaka 1974, sauti ilipanda hadi chombo kilichokuwa kilometa 36,000 hivi juu ya ikweta, kisha ikashuka. Safari hiyo ya kilometa 72,000 huchukua takribani robo ya sekunde hata kwa kasi ya nuru. Ongeza mzigo utakavyo, robo ya sekunde haipungui. Satelaiti zinazoruka karibu zaidi na dunia, kama zile za Starlink zilizoanza kuihudumia Zambia mwaka 2023, zimepunguza kungoja huko kwa kufupisha njia yenyewe.

Mikono nane kwa doti

Mwezi wa Novemba mwaka 1867 David Livingstone aliliona Ziwa Mweru, kisha akaingia katika mji wa Kazembe karibu na Mofwe. Hakuwa mgeni wa kwanza kutoka upande wa pwani. Alimkuta huko Mohamed bin Saleh, mfanyabiashara aliyekuwa amezuiliwa na Kazembe kwa miaka mingi. Na mwaka huohuo, katika nchi iliyo kati ya Tanganyika na Mweru, alikuwa amekutana na Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, ambaye baadaye alisimulia maisha yake kwa Kiswahili. Njia za misafara zilikwisha kuuunganisha Mweru na Bahari ya Hindi, nazo zilibeba pembe na watumwa kuelekea pwani, na nguo na shanga kuelekea bara.

Nguo ndiyo iliyokuwa fedha ya njia hizo, na ilikuwa na vipimo vyake. Mkono ulikuwa urefu wa kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Shibiri mbili zilifanya mkono mmoja. Mikono minne ilifanya shuka. Shuka mbili zilifanya doti. Kwa hiyo doti moja ilikuwa mikono minane, au wari nne kwa hesabu ya Waingereza. Juu yake lilikuwako jora, yaani bunda zima lililotoka kiwandani, ambalo kwa kawaida lilikuwa na wari 30 hivi, yaani doti saba na nusu.

Tazama jinsi vipimo hivi vilivyofanya kazi. Mfumaji na mwuza majora walihesabu kwa wari. Mpagazi alihesabu mizigo. Mnunuzi wa chakula kijijini alihesabu mikono, kwani hakuhitaji doti nzima kwa kuku mmoja. Mkuu wa msafara alihesabu doti, kwa kuwa ndiyo nguo iliyomtosha mtu mzima. Kila mmoja alikuwa na kipimo kilichofaa kazi yake, na hakuna aliyekuwa mpumbavu kuliko mwenzake. Ugomvi ulizuka pale mmoja alipotamka tarakimu tupu: "Nipe nane." Nane za mikono ni doti moja, nane za doti ni mikono 64.

Tena kipimo chenyewe hakikutulia. Mkono wa mtu mrefu si mkono wa mtu mfupi. Na leo, mwanamke anaponunua doti ya kanga mjini Dar es Salaam au Mombasa, hahesabu mikono. Doti kwake ni vipande viwili vilivyoshikana. Jina limebaki, maana imehama. Tutaona kwamba mambo hayohayo yaliipata baiti.

Ngoma, waya na neno la kupimia

Kabla ya waya, nchi ya Walunda ilikuwa na mondo, ngoma ya gogo lililochimbwa, ambayo husema kwa kufuata vidatu vya sauti za lugha. Sauti yake hufika mbali kwa muda mfupi kuliko mjumbe yeyote. Lakini ngoma ya aina hii ina shida yake: inatoa kidatu tu, haitoi konsonanti wala irabu, na maneno mengi yana vidatu sawa. John Carrington, aliyeishi miongoni mwa Walokele wa Kongo, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1949 kwamba wapiga ngoma hutatua shida hiyo kwa kuongeza maneno: mahali pa nomino moja huweka fungu zima la maneno, ili msikiaji asichanganye. Habari hufika mara moja, lakini habari kidogo huhitaji mapigo mengi. Hapa tena twaona tofauti kati ya mapigo na habari inayobebwa na mapigo. Tofauti hiyo ndiyo mzizi wa hesabu zote zifuatazo.

Mwaka 1879 waya wa chini ya bahari uliifikia Zanzibar kutoka Aden, ukaendelea kusini hadi Durban. Bara ilingoja zaidi. Cecil Rhodes alianzisha kampuni ya simu ya waya mwaka 1892, akikusudia kuunganisha kusini mwa Afrika na Misri. Waya ulipita upande wa Ziwa Nyasa na kufika Ujiji mwanzoni mwa karne ya 20, ukakomea hapo.

Mpiga simu wa waya alitumia alama za Morse, na ustadi wake ulipimwa kwa maneno kwa dakika. Lakini neno lina urefu gani? Ili kuondoa ubishi, neno PARIS lilichaguliwa kuwa neno la kupimia. Hesabu yake ni hivi. Nukta ni pigo moja. Kistari ni mapigo matatu. Kimya kati ya alama za herufi moja ni pigo moja. Kimya kati ya herufi ni mapigo matatu. Kimya baada ya neno ni mapigo saba. Kwa kipimo hiki P na kimya chake ni mapigo 14, A ni 8, R ni 10, I ni 6, na S pamoja na kimya cha mwisho ni 12. Jumla ni mapigo 50 kamili. Basi mpiga simu wa maneno 24 kwa dakika hutoa mapigo 1,200 kwa dakika, yaani mapigo 20 kwa sekunde.

Pigo moja kwa sekunde lilipata jina la baudi, kwa heshima ya Mfaransa Émile Baudot (1845–1903), fundi wa simu za waya aliyebuni mtambo wa kupeleka herufi kwa alama tano zenye urefu sawa. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kugeuza ni hii: maneno ya Morse kwa dakika, ukiyagawa kwa 1.2, yanakuwa baudi.

Tusiende mbele kabla ya kutoa mfano wa kaskazini mwa Zambia. Vita Kuu ya Kwanza ilisimamishwa Ulaya tarehe 11 Novemba 1918. Jenerali von Lettow-Vorbeck wa jeshi la Wajerumani alikuwa katika nchi ya mto Chambeshi, na habari ilimfikia tarehe 13 Novemba, kwa ujumbe uliotoka kwa mpanda pikipiki wa Waingereza aliyekamatwa njiani. Akaweka silaha chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala, tarehe 25 Novemba. Waya uliweza kuvusha bahari kwa muda mfupi, lakini mahali ulipokoma waya palianza pikipiki, na pale ilipokoma pikipiki ilianza miguu. Mnyororo wa habari haushindi pingu yake iliyo dhaifu kuliko zote. Shule ya Nchelenge ya leo ina hali hiyohiyo: namba kubwa ya njia kuu haifai kitu ikiwa kipande cha mwisho, kutoka mnara hadi darasani, ni chembamba.

Teleksi na modemu: pigo si biti

Baada ya Morse ilikuja teleksi, ambayo wengi waliofanya kazi ofisini katika miaka ya 1970 na 1980 wanaikumbuka kwa kelele zake. Mwendo wake ulikuwa baudi 50. Kila herufi ilikuwa na alama tano za herufi yenyewe, alama moja ya kuanzia, na ya kumalizia yenye urefu wa pigo moja na nusu. Jumla mapigo 7.5. Gawa 50 kwa 7.5, utapata herufi 6 na theluthi mbili kwa sekunde, yaani herufi 400 kwa dakika. Ukihesabu herufi tano na nafasi moja kwa kila neno, ni maneno 66 na theluthi mbili kwa dakika.

Msomaji mwangalifu ataona kwamba kanuni ya Morse ingetupa jibu jingine: baudi 50 mara 1.2 ni maneno 60. Hakuna aliyedanganya. Neno la Morse hula mapigo 50, neno la teleksi hula mapigo 45. Anayegeuza kipimo bila kuuliza "neno la mtambo gani?" atakosea hata kama anajua kuzidisha.

Mwaka 1948 Claude Shannon wa Marekani alichapisha nadharia yake ya mawasiliano, akatumia neno biti, ambalo alilipata kwa mwenzake John Tukey. Biti ni habari iliyo ndogo kuliko zote: ndiyo au hapana, moja au sifuri. Katika mitambo sahili kila pigo hubeba biti moja, na ndiyo maana watu walianza kuchanganya baudi na biti kwa sekunde. Modemu za mwanzo za biti 300 kwa sekunde zilikuwa pia za baudi 300. Lakini mafundi waligundua namna ya kulibebesha pigo moja biti mbili, kisha nne na zaidi, kwa kubadili awamu na ukubwa wa wimbi. Modemu ya biti 1,200 ilikuwa ya baudi 600. Ile ya biti 9,600 ilikuwa ya baudi 2,400 tu. Ni sawa na mpagazi aliyekwenda hatua zilezile lakini akaongezewa mzigo. Atakayesema "baudi 9,600" kwa modemu hiyo amehesabu mizigo akaiita hatua.

Kwa vifaa vya namna hii Chuo Kikuu cha Zambia kilianza kupeleka barua za kompyuta mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa simu za kawaida. Kampuni ya Zamnet, iliyozaliwa chuoni hapo, ikaleta intaneti kwa umma katikati ya miaka hiyo. Nyakati hizo watumiaji walikuwa na kanuni ya mkato: gawa biti kwa kumi, upate herufi. Sababu ni kwamba kila herufi ya biti nane iliongezewa biti ya kuanzia na ya kumalizia. Biti 9,600 zilikuwa herufi 960. Kanuni hiyo ilikuwa ya kweli kwa mitambo ile. Leo tunagawa kwa nane, ingawa sehemu ya mzigo bado huliwa na anwani na vichwa vya vifurushi.

Mafundi wa simu na mafundi wa kompyuta

Sasa tumefika kwenye kiini cha swali la mwanafunzi wetu. Kwa nini mwendo huhesabiwa kwa biti na mzigo kwa baiti? Kwa sababu ni kazi mbili zilizokua katika nyumba mbili.

Mafundi wa simu waliona biti zikipita moja baada ya moja katika waya, wakahesabu biti. Walipoigeuza sauti ya simu kuwa tarakimu, waliipima mara 8,000 kwa sekunde, na kila kipimo wakakiandika kwa biti nane. Ndipo tukapata biti 64,000 kwa sekunde kwa mazungumzo ya mtu mmoja. Kisha wakakusanya njia 32 za namna hiyo katika bomba moja: jumla ni kilobiti 2,048 kwa sekunde, ambamo njia 30 huwa za mazungumzo na mbili za kuuongoza mtambo. Huo ni mpango wa Ulaya, ambao nchi zetu zimeufuata. Marekani walikusanya njia 24, wakaongeza biti za kupanga, wakapata kilobiti 1,544. Katika ngazi iliyo juu zaidi bomba la megabiti 155.52 huchukua mabomba 63 ya kilobiti 2,048.

Mafundi wa kompyuta, kwa upande wao, hawakuhitaji biti mojamoja; walihitaji herufi. Werner Buchholz wa kampuni ya IBM alibuni neno baiti mwaka 1956. Mwanzoni baiti haikuwa na idadi moja ya biti. Baiti ya biti nane iliimarika baada ya kompyuta za IBM za mwaka 1964. Kwa kuwa walikumbuka kuyumba huko, watu wa simu hupendelea kusema okteti, neno lisiloweza kuwa na maana nyingine ila nane. Ndiyo hadithi ya doti tena: jina moja, vipimo tofauti, hadi soko likakubaliana.

Na nyumba hizi mbili zilihitilafiana hata juu ya maana ya kilo. Kwa fundi wa simu, kilo ni 1,000. Kwa fundi wa kompyuta, ambaye kumbukumbu za mashine yake hukua kwa kuzidisha mbili, kilo ilikuwa 1,024. Mwaka 1998 tume ya kimataifa ya vipimo vya umeme ilitoa jina jipya kwa ile ya 1,024: kibi, na kibibaiti. Bomba letu la kilobiti 2,048 linatupa mfano ulio wazi. Gawa kwa nane: ni kilobaiti 256 kwa sekunde. Gawa baiti 256,000 kwa 1,024: ni kibibaiti 250 kamili. Tarakimu tatu, 2,048 na 256 na 250, ni mwendo mmoja wa bomba moja.

Kanuni za kugeuza

Kwa faida ya wenzetu walio madarasani tunazikusanya kanuni hizi pamoja:

1. Taja nomino kabla ya kuhesabu: ni maneno, mapigo, biti au baiti?
2. Maneno ya Morse kwa dakika, gawa kwa 1.2, upate baudi.
3. Baudi, zidisha kwa idadi ya biti zilizobebwa na pigo moja, upate biti kwa sekunde.
4. Biti, gawa kwa nane, upate baiti. Kwa modemu za zamani, gawa kwa kumi, upate herufi.
5. Kilobaiti, zidisha kwa 1,000 kisha gawa kwa 1,024, upate kibibaiti.

Zoezi moja linatosha kuonyesha umbali tuliotembea. Kitabu chenye herufi milioni tano, baiti moja kwa kila herufi, ni megabaiti 5. Kwa njia ya megabiti 2 kwa sekunde, megabaiti 5 ni megabiti 40, nazo huchukua sekunde 20. Kwa teleksi kitabu hichohicho kingechukua sekunde 750,000, yaani siku 8, saa 16 na dakika 20, bila mtambo kupumzika.

Wajibu wa mwalimu wa lugha

Huenda mtu akauliza: haya ni ya mafundi, sisi walimu wa Kiswahili yatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu hasara yake humwangukia asiyejua. Bando, yaani fungu la intaneti, huuzwa kwa baiti. Mwendo hutangazwa kwa biti. Mvuvi wa Kashikishi, mwenye duka wa Kilwa na mwalimu mkuu wa shule ya kijijini wote hulipia vyote viwili kwa fedha iliyopatikana kwa taabu. Aliyeahidiwa megabiti 8 kwa sekunde akapokea megabaiti 1 hajadhulumiwa; amepata haki yake kamili. Aliyeahidiwa megabiti 8 akapokea kilobaiti 200 amepewa chini ya robo ya alichoahidiwa, na ana haki ya kulalamika. Asiyejua kugeuza hawezi kuwatofautisha watu hawa wawili. Atamgombeza asiye na kosa, au atanyamaza mbele ya aliyempunja. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi habari yenyewe imekuwa mali, nayo yataka daftari lake.

Kiswahili hakina upungufu katika jambo hili. Biti na baiti zimekwisha kuingia na kukaa. Lugha yetu hutamka kila irabu, hivyo ile a moja inayotenganisha maneno haya husikika wazi kinywani mwa mtu atamkaye vizuri. Katika maandishi, b ndogo ni biti, na B kubwa ni baiti. Linalotakiwa ni kuacha desturi ya kulikata neno. Mwanafunzi akisema "mega nane", tumwulize kama ambavyo mwenye nguo wa zamani angemwuliza aliyesema "nipe nane": nane za nini? Naye azoee kujibu kwa neno zima: megabiti nane kwa sekunde, au megabaiti moja kwa sekunde. Akifika hapo, mwalimu wa hisabati atakuwa na kazi nyepesi.